Keki ya Anivasari: Hesabu Midomo Kabla ya Ghorofa

 

Leo tunataka kusema jambo linalotuhusu sisi wenyewe wapishi wa keki, na huenda baadhi ya wenzetu katika biashara wakatununia. Tumelinyamazia muda mrefu kwa sababu kule kunyamaza kulikuwa kunatuingizia pesa. Jambo lenyewe ni hizi keki za ghorofa zinazopelekwa kwenye shughuli za kutimiza miaka ya ndoa. Msimamo wetu ni huu: kabla hujasema unataka ghorofa ngapi, hesabu kwanza midomo mingapi. Keki ni chakula, na mgeni uliyemwita asirudi kwao hajaonja.

Kwa wasiotujua, sisi ni mtu na wifi yake. Sote tumeshapita thelathini, na tuna jiko letu dogo uani hapa Unguja. Skuli tuliishia sekondari. Mmoja wetu akasoma kozi ya ushoni, na kabla ya keki tulikuwa tunashona madera na nguo za harusi. Hatukusomea upishi popote. Tulichonacho tumekipata kwa mama zetu, kwa kuunguza, na kwa aibu. Aibu moja ndiyo tunayotaka kuwahadithia.

Mwaka juzi walitujia ndugu watatu. Wazee wao walikuwa wanatimiza miaka 25 ya ndoa na watoto wakataka kuwafanyia shughuli. Wageni 300, ukumbi umeshalipiwa. Keki waliyoitaka walikuwa nayo kwenye simu: ghorofa tano, nyeupe na fedha, maua yanashuka kutoka juu mpaka chini. Tukawapa bei, wakashtuka. Hapo ndipo tulipowatolea ule ujanja ambao mpishi yeyote wa keki anaujua: ghorofa mbili za juu za kweli, tatu za chini za bandia. Za bandia ni lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la friji, unalipaka krimu na kulipamba kama keki. Kwa macho huwezi kujua. Wakafurahi, na sisi tukafurahi.

Siku ya siku keki ikasimama katikati ya ukumbi, mashaallah, simu zote zikaigeukia. Mume na mke wakakata, wakalishana, vigelegele. Kisha tukaivuta pembeni kuigawa. Ghorofa mbili zile kwa vipande vya kawaida zinatoa 36. Tukakata vidogo kama sabuni ya hoteli, tukafikisha sahani 60 na kitu. Zikaenda meza kuu, zikaenda kwa wakwe, zikaenda kwa waliokaa mbele. Zikaisha.

Nyuma kabisa, kwenye mkeka, walikuwa wamekaa bibi wazee. Mama mwenye shughuli akatuita taratibu, "Wanangu, mpelekeeni somo yangu kipande. Ndiye aliyenipeleka kwa bwana huyu." Tukatazamana. Kilichobaki mezani ni ghorofa tatu kubwa, nzuri, zinang'aa. Mtoto mmoja alikuwa ameshachomeka kidole kwenye krimu, akapiga kelele, "Hii si keki, hii ya boksi!" Watu wakacheka. Mama yule hakucheka. Alichukua sahani yake mwenyewe, na kile kipande alicholishwa na mumewe alichokuwa hajakimaliza, akaenda nacho mpaka kwenye mkeka.

Yule bibi akamwambia, "Kula wewe mwanangu, mie sina meno ya keki."

Jamani, keki haitaki meno. Sote watatu tulijua hivyo.

Mambo hayakuishia hapo. Yule binti mkubwa alikuwa amekopa kwenye kikoba chao kulipia keki ile, na salio letu lilikuja vipande vipande kwa miezi saba. Hatukumsumbua, lakini tukikutana Darajani alikuwa anavuka upande wa pili wa njia. Tulimpotezea raha ya kupita sokoni kwa ajili ya povu. Na tuseme ukweli wote mbele ya Mola wetu: povu lile tulilipangusa, tukaliweka, tukalitumia tena kwenye shughuli nyingine. Ghorofa ya bandia inatugharimu kidogo sana, na tulikuwa tunaitoza bei inayokaribia ya keki ya kweli.

Tangu siku ile tumebadilisha utaratibu, na tunaamini kila mwenye shughuli anaweza kuubadilisha kwake.

Fundi cherehani hakati kitambaa kabla hajashika tepu. Mteja anaweza kusema "nishonee gauni zuri" mpaka kesho, lakini bila kipimo cha kifua, kiuno na urefu, uzuri hauna pa kukaa. Keki ni vivyo hivyo. Kipimo chake cha kwanza ni idadi ya watu, na hesabu yake si ngumu. Kipande cha shughuli ni upana wa inchi moja na urefu wa inchi mbili, kwa keki yenye kimo cha inchi nne. Kwa kipimo hicho, ghorofa ya duara ya inchi 6 inatoa vipande kama 12, ya inchi 8 vipande 24, ya inchi 10 vipande 38, na ya inchi 12 vipande 56. Zijumlishe zote nne: 130. Kwa hiyo hata keki ya ghorofa nne, yote ya kweli, hailishi watu 300. Inalisha chini ya nusu yao. Wengi hawalijui hili mpaka kisu kimeshaingia.

Tunachofanya sasa ni hiki. Mezani tunaweka ghorofa mbili au tatu, zote za kweli, zimepambwa vizuri kwa ajili ya kukatwa na kupigwa picha. Jikoni tunaweka keki za trei, unga ule ule, krimu ile ile, ladha ile ile, bila mapambo. Trei moja ya inchi 12 kwa 18 ukiikata inchi mbili kwa mbili inatoa vipande 54. Trei nne ni vipande 216. Ziongeze kwenye ghorofa tatu za inchi 6, 8 na 10, zenye vipande 74, unapata 290. Ongeza trei ya tano umewavuka wageni 300, na umemkumbuka dereva, mpishi wa pilau, na watoto wa jirani wanaochungulia dirishani. Wakati keki kubwa inaondolewa mbele ya watu, sahani tayari zinatoka jikoni, na zinaanzia kwenye mkeka wa wazee. Mgeni hajui kipande chake kimetoka ghorofani au kwenye trei. Na keki ya trei ni rahisi zaidi kwa sababu haina masaa ya mapambo.

Kama bado mfuko haufiki, tusione haya kurudi kwa bibi zetu. Mkate wa mayai wenye iliki ni keki yetu, ilikuwepo kabla ya krimu za kopo. Wenye umri wetu mnakumbuka lile giza la miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme. Harusi hazikusimama. Mama zetu walipalia makaa juu na chini ya sufuria, na mikate ikaumuka. Keki ndogo mezani, mikate ya mayai, halua na kahawa kwa wote: hiyo ni shughuli kamili, na hakuna atakayeondoka mdomo mtupu.

Ghorofa chache zina faida nyingine ambayo picha za kwenye simu hazikwambii. Keki nyingi za kwenye picha zimepambwa kwenye baridi. Sisi hapa kaskazi ikianza kuvuma, Disemba mpaka Machi, jua la mchana linafika nyuzi 32, na siagi huanza kuyeyuka kwenye joto hilo hilo. Krimu ya maziwa ndiyo kabisa, ukumbi usio na viyoyozi unaimaliza kabla ya dua ya kufungua. Msimu huo tunawashauri wateja krimu ya chokoleti nyeupe, chokoleti sehemu tatu kwa krimu sehemu moja, inashika vizuri zaidi. Na kila ghorofa lazima ikae kwenye kibao chake, na chini yake viwepo vijiti vilivyochomekwa ndani ya keki ya chini, vimekatwa sawasawa na kimo chake, ili uzito ushuke kwenye vijiti na usiikandamize keki. Siku hizi tunapeleka ghorofa mbalimbali na kuzipanga ukumbini. Hilo nalo tulijifunza kwa machozi: tuliwahi kupanga tatu nyumbani, na kutoka Mwanakwerekwe mpaka Bububu mmoja wetu alikaa nyuma ya gari amekumbatia keki kama mtoto mwenye homa. Kila tuta, "Ya Latifu!"

Na kabla hujalipa, muulize mpishi wako kuhusu jelatini iliyomo kwenye fondanti na maua ya kununua, kama ni ya halali, na kuhusu vanila, kwa sababu nyingine imetengenezwa kwa pombe. Usione haya kuuliza. Mpishi mwenye kuchukia swali hilo ana jambo.

Tunajua mtakayotwambia. La kwanza: watu watasema nini wakiona ghorofa mbili tu? Dada zetu, watu watasema tu. Waliohudhuria ile shughuli ya ghorofa tano mpaka leo wanasema, na wanachokisema ni boksi la friji. Hakuna anayekumbuka maua yetu ya fedha, na tuliyatengeneza siku nne.

La pili: kwani ghorofa ya bandia ni haramu? Sisi si masheikh na hatutoi fatwa. Tunasema hivi: kama mwenye shughuli anajua, na kila mgeni amepata kipande chake kutoka jikoni, ghorofa ya bandia ni pambo kama ua la plastiki. Tatizo linakuja pale inaposimama badala ya chakula cha mtu. Na mpishi akiitoza bei ya keki, hapo amejidhulumu mwenyewe kabla ya mteja.

La tatu: hizi anivasari zenyewe zina asili katika dini yetu? Hapo wanavyuoni wana maneno yao, muulize sheikh wako unayemwamini. Sisi tunazungumza na yule aliyekwisha kualika. Ukishaita watu kwako, wana haki juu yako. Tumekatazwa israfu, na tumefundishwa kuwa chakula kibaya cha walima ni kile wanachoitwa wenye nacho na masikini wakaachwa. Anivasari si walima, lakini funzo lake haliko mbali. Bibi wa watu aliitwa, akaja na leso yake safi, akakaa kwenye mkeka, halafu akaachwa ndani ya ukumbi huo huo alioitiwa.

Na nyinyi watoto mnaotaka kuwafurahisha wazee wenu, nia yenu ni njema na Allah awalipe. Lakini waulizeni kwanza wao wenyewe wangependa nani ale. Yule mama tungemuuliza asingetaja ghorofa hata moja. Angetaja majina ya watu.

Mwezi uliopita tulipeleka keki nyingine ya miaka 25. Ghorofa tatu, trei tano, na salio limelipwa kabla ya kutoka nyumbani. Picha zake si za kutisha, na faida yetu ilikuwa ndogo kuliko zamani, tusifiche. Lakini tuliona bibi mmoja anakula kipande, akapewa cha pili, akakifunga kwenye ncha ya leso kumpelekea mjukuu. Tulirudi nyumbani tumechoka, na usiku ule tulilala vizuri.

Daftari letu la oda sasa lina swali moja juu kabisa, kabla ya rangi na kabla ya ladha: watu wangapi? Asiyejua, tunamwambia arudi akahesabu, na tukimpoteza mteja, riziki iko kwa Mwenyezi Mungu.

Allah azijaalie ndoa zenu mapenzi na huruma, awafikishe 25 na 50, na vyakula vya shughuli zenu avitie baraka vimfikie wa mbele na wa nyuma. Amin.

Wassalaam alaykum.