UCHAMBUZI: Vita vya 1861 vilivyobadili Katiba ya Marekani na hoja zinazorejea mahakamani

Na Mwandishi Wetu

Machi 4, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa Jimbo la Colorado halikuwa na mamlaka ya kumwondoa Donald Trump katika orodha ya wagombea urais. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa kwa muhula wa pili, Rais Trump alisaini amri ya kutotambua uraia wa kuzaliwa wa baadhi ya watoto ambao wazazi wao wamo nchini humo kinyume cha sheria au kwa vibali vya muda. Mashauri ya kuipinga yalifunguliwa mara moja.

Masuala hayo mawili ni tofauti, lakini yote yanatokana na sehemu moja ya Katiba: Marekebisho ya 14, yaliyoridhiwa Julai 1868, miaka mitatu baada ya kumalizika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ili kuelewa kinachobishaniwa leo, ni vyema kutazama namna vita hivyo vilivyobadili sheria ya muungano wa majimbo hayo.

Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 iligawa madaraka kati ya Serikali ya Shirikisho na majimbo, lakini haikusema iwapo jimbo linaweza kujitoa. Kwa takriban miaka 70 kila upande uliutafsiri ukimya huo kwa namna yake. Viongozi wa Kusini, ambako uchumi ulitegemea utumwa, walidai kuwa muungano ni mkataba wa majimbo na kwamba aliyeingia anaweza kutoka. Baada ya Abraham Lincoln kushinda uchaguzi, South Carolina ilijitangaza kujitoa Desemba 20, 1860. Kufikia katikati ya mwaka 1861 majimbo yaliyojitoa yalikuwa 11, na mapigano yalikuwa yamekwishaanza.

Badiliko la kwanza lilihusu madaraka ya Rais. Aprili 1861, Lincoln aliruhusu jeshi kusitisha haki ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mbele ya jaji, katika ukanda kati ya Philadelphia na Washington. Jaji Mkuu Roger Taney alisema mamlaka hayo ni ya Bunge, si ya Rais, lakini Serikali haikutekeleza uamuzi wake. Bunge lilitunga sheria ya kuruhusu usitishaji huo Machi 1863. Mwaka 1866, katika shauri la Lambdin Milligan, raia wa Indiana, Mahakama ya Juu iliamua kuwa mahakama za kijeshi haziwezi kumhukumu raia mahali ambapo mahakama za kawaida zinafanya kazi. Uamuzi huo ulikuwa mzito, ila ulitolewa wakati silaha zilikwishawekwa chini.

Badiliko la pili lilihusu utumwa. Tangazo la Lincoln la Januari 1, 1863 liliwaweka huru watumwa katika maeneo ya waasi pekee, kwa kuwa lilitolewa kama hatua ya kivita ya Amiri Jeshi Mkuu. Lisingeweza kuwa msingi wa kudumu wakati wa amani. Ndiyo maana ulihitajika mkondo wa Katiba yenyewe: Marekebisho ya 13, yaliyoridhiwa Desemba 1865, yalifuta utumwa nchi nzima.

Marekebisho ya 14 yaliifuta pia hukumu ya Dred Scott ya mwaka 1857, iliyosema watu wenye asili ya Afrika hawawezi kuwa raia. Yalitamka kuwa aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya mamlaka yake ni raia, na yakayakataza majimbo kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Marekebisho ya 15 ya mwaka 1870 yalizuia kunyimwa kura kwa sababu ya rangi. Awali, orodha ya haki katika Katiba ililibana Shirikisho pekee. Sasa majimbo nayo yalibanwa, na Bunge likapewa mamlaka ya kutunga sheria za utekelezaji.

Njia iliyotumika haikukosa utata. Kwa sheria za mwaka 1867, majimbo 10 ya Kusini yaliwekwa chini ya usimamizi wa kijeshi na kutakiwa kuridhia Marekebisho ya 14 kabla ya kurejeshewa uwakilishi bungeni. Hata hivyo, mwaka 1869 Mahakama ya Juu, katika shauri la Texas, ilisema majimbo hayo hayakuwahi kutoka kisheria, kwani muungano hauvunjiki kwa uamuzi wa jimbo moja. Swali lililoachwa wazi mwaka 1787 lilijibiwa kwanza na vita, kisha na mahakama.

Maandishi peke yake hayakutosha. Baada ya mwaka 1877 Serikali ya Shirikisho ililegeza usimamizi wake Kusini, na mwaka 1896 Mahakama ya Juu ikaridhia ubaguzi wa rangi katika usafiri wa treni. Msimamo huo ulibadilishwa kwa shule za umma mwaka 1954, na Sheria ya Haki za Kupiga Kura ikapitishwa mwaka 1965. Takriban karne moja ilipita kati ya ahadi na utekelezaji.

Shauri la Colorado lilihusu kifungu kilichowazuia walioasi baada ya kuapa kuilinda Katiba wasirejee madarakani. Mahakama ilisema kwa nafasi za Shirikisho, utekelezaji wake ni wa Bunge, kwa kuwa Marekebisho ya 14 yalilenga kupunguza nguvu za majimbo. Mantiki hiyo ni zao la moja kwa moja la vita vile.

Kwa msomaji wa Tanzania, nchi ya Muungano, historia hii inaonesha umuhimu wa kuweka mipaka ya madaraka ya dharura mapema. Ibara ya 32 ya Katiba yetu inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya hatari, lakini inataka Bunge liitishwe ndani ya siku 14 na tangazo liungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Marekani ilibishana juu ya jambo kama hilo vita vikiwa vimeshaanza, na walioumia ni raia waliokuwa tayari gerezani.