Hedhi haiishii kidato cha nne

Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa nchini Tanzania Julai 2018, ikarudishwa Julai 2019. Mwaka mmoja tu. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alieleza kuwa wafanyabiashara hawakushusha bei, kwa hiyo nafuu haikumfikia mlaji. Hoja ilikuwa na ukweli, lakini adhabu ilimwangukia asiye na kosa. Mfanyabiashara ndiye aliyekataa kushusha bei, na aliyelipishwa tena asilimia 18 ni msichana.

Namna yenyewe ya kusamehe ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Bidhaa ikisamehewa kodi hii, mwenye kiwanda hawezi kudai kodi aliyokwisha kulipa kwenye malighafi na vifungashio, hivyo huirudisha kwenye bei bila mnunuzi kujua. Bidhaa ikitozwa kiwango sifuri, hurudishiwa. Wataalamu wa Hazina wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi. Badala ya kuchagua kiwango sifuri, bajeti ya 2019 iliwapunguzia wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo za kike kodi ya mapato, kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili. Mwenye mtaji alitazamwa. Mwenye hedhi akaambiwa asubiri.

Anayesubiri zaidi ya wote ni mwanachuo. Kila Mei 28, Siku ya Hedhi Duniani, misafara ya misaada huelekea shule za msingi na sekondari. Ni jambo jema, waendelee. Lakini binti wa kijijini, tuseme Kerenge mkoani Tanga, akishamaliza kidato cha nne, akaenda mjini Korogwe kusomea ualimu au akaingia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Handeni kujifunza ufundi, anahesabiwa kuwa mtu mzima wa kujitegemea. Ajitegemee kwa kipi? Wanafunzi wa vyuo vikuu wenye mkopo walipandishiwa posho ya chakula na malazi mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Yeye wa cheti anategemea kile ambacho mzazi amekipata shambani, baada ya ada na kodi ya geto. Pakiti moja ya pedi inashindana na unga, na unga ndio hushinda.

Tunaambiwa siku hizi wasichana wana uchaguzi mpana: pedi za kutupa, pedi za kufua, kikombe cha hedhi. Uchaguzi huo uko kwenye maelezo tu. Pedi ya kufua inataka maji, sabuni na jua kali, wakati binti anaianika chini ya kanga au nyuma ya kitanda kwa sababu kamba ya nguo iko mbele ya wapangaji wanaume. Ikivaliwa na unyevu, inamwasha na inaweza kumletea maradhi. Kikombe hudumu hadi miaka 10 na kwa hesabu ya muda mrefu ndicho rahisi kuliko vyote, lakini lazima kichemshwe, na hosteli nyingi zinakataza kupika chumbani. Na hapo bado hatujagusa hofu kwamba kikombe huondoa ubikira, ambayo mama nyumbani anayo na hakuna muuguzi wa chuo aliyekaa na binti kumwondolea. Makungwi wa Wazigua na Wasambaa walimfundisha mwari kutunza mwili wake kwa vifaa vya zama zao. Vifaa vimebadilika, na aliyepaswa kuchukua nafasi ya kungwi hajateuliwa.

Na maji? Handeni ni wilaya kavu, na tangu miaka ya 1970 imekuwa ikitegemea bomba kuu la Handeni (HTM) linalovuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Mahali ambapo ndoo ya maji inanunuliwa, kumsifia msichana pedi ya kufua bila kumpa maji ni kumdhihaki.

Kenya ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuwapa wanafunzi wa shule taulo za bure, nayo ikaishia shuleni. Uskoti ilivitaja vyuo waziwazi katika sheria iliyopitishwa na bunge lake mwaka 2020, ikaanza kutumika kikamilifu Agosti 2022. Kwa hiyo jambo hili linaweza kuandikwa na kutekelezwa.

Bunge liweke taulo za kike na vikombe vya hedhi katika kiwango sifuri, na safari hii bei zifuatiliwe madukani tangu siku ya kwanza. Lakini wakuu wa vyuo wasijifiche nyuma ya Bunge. Fomu za kujiunga zinamtaka binti aje na ndoo, fagio na rimu ya karatasi. Chuo nacho kiwe na ndoo yenye kifuniko chooni, maji yanayotoka, kamba ya kuanikia penye jua na faragha, na mlango wenye komeo. Hayo hayahitaji mfadhili wala kibali cha waziri. Chuo kisichoweza kuyatimiza kabla ya muhula ujao kisidahili wasichana.