Mshindi wa Ebola akichoka, nani anamsikia?

Huko Beni, Butembo, Mangina na Mambasa, waliopona Ebola wanaitwa washindi. Ni jina la heshima. Lakini kwa wengi limekuwa pia mzigo: mshindi anaona haya kusema kama amechoka.

Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukamalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 2.287 walikufa, zaidi ya 1.100 walipona. Hawa walitoka kwenye kituo cha matunzo na cheti mkononi. Cheti kilionyesha kama virusi haviko tena katika damu. Juu ya nguvu za mwili, hakikusema kitu.

Uchunguzi wa Liberia uliotangazwa mwaka 2019 ulilinganisha waliopona na watu waliokuwa karibu nao. Waliopona ndio walilalamika zaidi juu ya uchovu, maumivu ya kichwa, ya misuli na ya viungo, na kusahau-sahau.

Uchovu huu hauishi na usingizi. Mtu analala usiku mzima, asubui anaamka amechoka. Akifika shambani, analima kidogo, anakaa chini. Ukimtazama, hana kidonda, hana homa. Basi jirani anasema: «Huyu ako na uvivu tu.» Mwengine anaogopa: «Pengine Ebola imemurudilia.» Ndipo anaanza kujificha, anaacha soko, anaacha kanisa. Moyo unavunjika, zaidi kwa yule aliyepoteza bwana, bibi ao watoto. Na moyo ukivunjika, usingizi unapotea, hamu ya kula inapotea, uchovu unazidi.

Kwa hiyo kutunza upande mmoja tu haitoshi. Mganga anayeuliza juu ya macho na viungo aulize pia: «Unalala namna gani? Unazungumuzaka na nani?» Jamaa nayo iko na sehemu yake: kumgawanyia kazi kidogo kidogo, apumzike, kisha aendelee, bila matusi.

Vita imeongeza shida. Anayekimbia Mambasa ao Lubero anakimbia na mwili ule ule, na anaacha nyuma waganga waliomjua. Tusisahau: kule Beni na Butembo, washindi ndio walibeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wanatunzwa, wakati wengine waliogopa kuwagusa. Leo wakisema wamechoka, wasikilizwe.