Majalada ya zamani yahifadhiwe Lindi

Atakayeyasoma leo magazeti ya katuni na visa vya picha yaliyotamba katika miongo ya mwanzo ya Uhuru, kama Film Tanzania la Faraji Katalambulla au Sani la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, atakiri kwamba mara nyingi jalada liliizidi hadithi. Si kwa uvivu. Rangi ilikuwa ghali, ikawekwa nje, mahali ambapo mnunuzi angeiona. Ndani kukabaki wino mweusi, karatasi hafifu na kisa kilichofukuzana na siku ya kuchapwa. Kwa mchoraji wa kipaji cha Philip Ndunguru, aliyemchora mhusika Ndumilakuwili, naona picha moja kubwa ilitosha kueleza tabia ya mtu mzima. Basi udhaifu wa hadithi usiwe sababu ya kuyaachia magazeti haya mchwa na unyevu wa bahari, Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini.

Kilwa ingekuwa ya kwanza kulielewa jambo hili. Mwaka 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha huko Cologne juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, na humo, pamoja na Aden, Mombasa na Sofala, wakauonyesha mji wa Kilwa wenye nyumba zilizobanana kisiwani. Maelezo yake ya Kilatini husomwa na wachache mno, ilhali picha hutolewa tena na tena Kilwa inapotajwa. Tena ni picha ya mji uliostawi, ingawa Wareno walikuwa wameuteka tangu 1505! Hata ilipokosea, imetuachia ushahidi wa kile msomaji wa Ulaya alichotaka kukiona. Majalada yetu yana ushahidi wa aina hiyo hiyo: bugaluu, nywele, magari, ujana wa Dar es Salaam kama ulivyotamaniwa. Na kusini ulitamaniwa kwa mbali, kwa sababu kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko na masika yaliifunga njia.

Wapo watakaosema visa vingi viliwadhalilisha wanawake. Ni kweli, wala sivitetei. Lakini kuhifadhi si kusifu, na aibu ikichomwa moto hakuna atakayejifunza kutokana nayo. Wengine watataka fedha ziende kwenye magofu ya Kilwa, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Magofu yanastahili kila shilingi. Ila jiwe la matumbawe limevumilia karne nyingi, na karatasi ya gazeti huanza kuchakaa ndani ya miongo michache. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 ilibebwa kichwani hadi bandari ya Lindi, ikaenda Berlin. Angalau tunajua iliko. Gazeti linalofungiwa karanga halidaiwi popote. Kinachohitajika ni skana, makasha makavu na mtumishi mmoja wa maktaba. Bodi ya Huduma za Maktaba itangaze misikitini, shuleni na stendi za mabasi kwamba mwenye nakala sandukuni ailete ipigwe picha, kisha arudi nayo nyumbani.