Chuma Nacho Huchoka

Leo nataka tuzungumze juu ya chuma. Msishangae muuguzi kuingilia kazi ya wahandisi, mtaona tunafanana.

Wengi wetu hapa London tumewapeleka watoto Battersea, kwenye lile jengo lenye dohani nne. Mwaka 2022 lilifunguliwa upya likiwa na maduka, ofisi na makazi, lakini kuanzia 1933 hadi 1983 lilizalisha umeme. Makaa ya mawe yalichemsha maji, na mvuke wake ukazungusha mitambo.

Hospitalini vifaa vya upasuaji huwekwa kwenye mvuke wa nyuzi 134 za Selsiasi kwa dakika 3. Feleji haijali joto hilo. Katika vituo vya umeme vya siku hizi mvuke hupita nyuzi 500, kwa shinikizo kubwa, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Hapo bomba imara huanza kuvutika kidogo kidogo. Ndani yake hutokea vitundu visivyoonekana kwa macho, navyo huungana vikawa ufa. Mzigo haukuongezeka, ni muda tu. Wauguzi tunalijua hilo: kidonda cha mgonjwa wa kulala hakihitaji pigo, uzito wake mwenyewe unatosha usipoondolewa.

Mgonjwa tunamgeuza, bomba haligeuzwi. Kwa hiyo kinga huanzia kwenye kuyeyusha chuma. Kromiamu huzuia kutu ya joto, molibdenamu huongeza nguvu, na vanadiamu kidogo hujenga chembe ndogo ngumu zinazozuia chuma kisiteleze ndani kwa ndani. Feleji moja maarufu ya aina hii, yenye kromiamu asilimia 9, iliendelezwa kwenye maabara ya Oak Ridge, Marekani, miaka ya 1970. Vipande huvutwa kwa uzito ndani ya tanuri, hata kwa miaka, ili kukadiria mzigo utakaohimiliwa kwa saa 100,000, yaani zaidi ya miaka 11.

Nyumbani nako, kituo cha Kinyerezi II, Dar es Salaam, chenye megawati 240, hutumia joto la mitambo ya gesi kupata mvuke. Mabomba ya namna hiyo yanahitaji wa kuyapima kabla hayajapasuka, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazazi, kijana akisema anataka kusomea vyuma, tusimwambie achague udaktari. Naye atalinda maisha ya watu.

Tukutane toleo lijalo.