Mafuta ya mimea yapimwe kabla ya kunywewa

KWA miaka mingi, mafuta ya karafuu yametumiwa kutuliza maumivu ya jino na ya mkaratusi kuzibua pua. Hata hivyo, wapo wauzaji wanaowahimiza wateja kuyanywa, wakidai kuwa kilichotoka kwenye mmea hakiwezi kudhuru.

Hoja hiyo haina mashiko. Mafuta haya hukenekwa, hivi kwamba chupa ndogo hubeba nguvu ya rundo kubwa la majani.

Wauzaji hujitetea kwamba mafuta hayo yanaruhusiwa katika vyakula. Ni kweli, lakini ruhusa hiyo inahusu kiasi kidogo mno cha kuleta ladha. Mnamo 1982, kamati ya pamoja ya wataalamu wa mashirika ya FAO na WHO iliamua kuwa yujenoli, kiambato kikuu cha mafuta ya karafuu, isizidi miligramu 2.5 kwa siku kwa kila kilo ya uzani wa mwili. Mtu wa kilo 60 basi asipite miligramu 150. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo huzidi kiwango hicho zaidi ya mara 20. Kwa mtoto wa kilo 10, takriban tone moja latosha kukifikia.

Si ajabu kwamba madaktari wamenakili visa vya watoto walioharibika ini baada ya kunywa mafuta ya karafuu, na wengine waliopatwa na degedege baada ya kumeza mililita chache za mafuta ya mkaratusi.

Aidha, wanunuzi wasihadaiwe na neno "safi" kwenye kibandiko. Kupima viambato katika maabara hubaini iwapo mafuta yameghushiwa. Hakuonyeshi iwapo ni salama kunywewa, kwani hata mafuta safi kabisa yaweza kuua. Usalama huthibitishwa kwa kuchunguza athari za viwango mbalimbali kwa ini, figo na uzazi, na jinsi mafuta yanavyoingiliana na dawa nyingine.

Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba asili na haja ya kuisimamia. Wizara ya Afya na Bodi ya Dawa na Sumu zinafaa kudai ushahidi huo kabla ya chupa yoyote kuuzwa kama dawa ya kunywa. Anayedai kuwa mafuta yake yanatibu ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa hayadhuru, wala si mzazi kugundua hayo akiwa hospitalini.