Steringi Asiyeamua Kitu

Ukisema mbele ya watu hapa Arusha kwamba wanawake wanapunjwa kwenye tamthilia, utakatizwa kabla hujafika mbali. Wanapunjwa wapi, na tamthilia zote ni zao? Utatajiwa Selina, Maria, Zora, Sultana, majina ya wanawake yaliyobandikwa juu kabisa ya kazi za majirani zetu wa Kenya, zenye mashabiki tele huku kwetu. Nimeyasikia maneno hayo saluni, nimeyasikia kwenye daladala, na kibaya zaidi nimeyasikia kwa watu wanaotengeneza tamthilia zenyewe. Nayapinga. Yametuzoesha kuhesabu sura za wanawake kwenye skrini na kusahau kuuliza ni nani anayeamua lolote humo ndani.

Sisi tuliokalia mabenchi ya vibanda umiza tulimtambua steringi mapema. Ni yule ambaye akinyanyuka kitini, hadithi nzima inanyanyuka naye. Sasa mpime kwa kipimo hicho binti wa tamthilia ya jioni. Anasingiziwa. Anafukuzwa. Anatekwa. Anasamehewa. Mwishoni anaolewa. Hata Maria wa Citizen TV, aliyeanza kuonekana 2019, binti wa mtaa wa kimaskini mwenye ulimi na ujasiri wa kutosha, kaingizwa kwenye nyumba ya matajiri, na swali kubwa lililotuvuta sehemu hadi sehemu lilikuwa kama kijana wa nyumba ile atamchukua. Jina la tamthilia ni lake, lakini funguo za nyumba na za hadithi wamezishika wengine.

Jambo hili ni la zamani, na chini ya mlima wetu wenyewe, Meru, upo ushahidi wake. Filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka 1962, ilipigwa maeneo haya, na mashamba ya Momella yanaonekana wazi. Dallas, anayechezwa na Elsa Martinelli, anakuja kama mpiga picha mwenye kazi yake. John Wayne na wenzake wanawakimbiza vifaru na twiga kwa magari. Kadiri filamu inavyosonga, kamera ya Dallas inasahaulika. Anaishia kulea ndama wa tembo na kuolewa na bosi wa kambi. Miaka 50 baadaye tukapata tamthilia ya Siri ya Mtungi, na steringi wake, Cheche, naye ni mpiga picha. Kamera ya Cheche haikusahaulika. Ndoto yake ya kuwa na studio ndiyo inayoivuta hadithi, na mkewe, Cheusi, anabaki kubeba matokeo ya maamuzi ya mumewe. Naipenda sana Siri ya Mtungi, ni moja ya kazi bora tulizowahi kutoa. Ndiyo maana nalitaja jambo hili bila kuogopa kuonekana naibomoa.

Watayarishaji watasema soko ndilo linalotaka hivyo: mwanamke mwenye maamuzi hauzi, na wanaume hawawezi kumtazama. Nendeni kwa kinyozi yeyote wa Kaloleni saa mbili usiku. Tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili iko hewani, wateja wamejipanga ukutani, wote wanaume, na hakuna anayeulizia mpira. Mwanamke wa kwenye skrini akifungua barua aliyofichwa, kinyozi anasimamisha mashine sikioni mwa mteja, na mteja halalamiki, maana naye shingo ameikunja kutazama. Mwaka 2011 TBC ilionyesha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake. Doudou ni nesi, ana kazi, na ndiye anayepanga namna ya kuishi na wakwe wale. Ilitazamwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja. Soko gani hilo lililomkataa?

Tena sisi tulikuwa na Tunu kabla ya wote hao. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulianza Radio Tanzania Julai 1993, na wenye umri wangu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake. Mkewe, Tunu, hakukaa kulia hadi sehemu ya mwisho. Aliondoka, akaanza biashara yake. Watafiti waliufuatilia mchezo ule: mkoa wa Dodoma uliachwa bila kuusikia hadi 1995 ili walinganishe, na mikoa iliyousikia ikaonekana kusonga mbele zaidi katika uzazi wa mpango. Kwa hiyo anayeniambia tamthilia ni burudani tu, haijengi wala haibomoi, huyo naye anakosea.

Visa tunavyo, tumevikalia. Mahakama Kuu, Mwanza, 1990: Holaria Pastory alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mpwa wake akamshitaki kwamba mwanamke hana haki hiyo. Akashindwa mahakama ya mwanzo, akashinda ya wilaya, na Jaji Mwalusanya akahitimisha kwamba mila ile inapingana na Katiba. Mwanamke mmoja, shamba moja, mahakama tatu. Mpaka leo sijaona kituo kilichokifanya kisa hicho tamthilia ya jioni, na huku Meru na Arumeru, ambako ardhi ni finyu na ndugu wanagombania hata mstari wa migomba, kingetazamwa na kila nyumba.

Au mchukue mama wa soko la Tengeru, siku ya Jumatano au Jumamosi, anayeamua alfajiri mikungu yake iende Arusha mjini au isubiri lori la Dar. Au mwanamke aliyevaa sare ya hifadhi, bunduki begani, akiwatangulia wapanda mlima kutoka lango la Momella, maana Meru haupandwi bila askari kwa sababu ya nyati na tembo. Wageni wako nyuma yake, ukungu umeshuka kabla ya kufika vibanda vya Miriakamba, na ni yeye wa kusema tunaendelea au tunarudi.

Naihesabu filamu ya Binti ya Seko Shamte, ya 2021, upande huu ninaoutetea, na mwongozaji Lamata ameshaonyesha kwa tamthilia ya Jua Kali kwamba mwanamke anaweza kuongoza kazi kubwa inayofuatiliwa nchini. Njia ipo. Waandishi wa Arusha, acheni kuazima sebule za Masaki. Mwandikeni mhifadhi yule wa Mlima Meru, mumpe maamuzi magumu, na akikosea mwacheni abebe kosa lake mwenyewe. Na ninyi wenye vituo, muswada huo ukifika mezani, ununueni.